Miezi Sita ya Narae

Busan, 14 Januari 2013

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia tangu urudi, na baridi ya huko Namhae haijakuzidi. Mimi mshono wa uzazi umekauka, natembea bila kushika ukuta. Supu ya mwani uliyonipikia niliimaliza, hata ile uliyoigandisha ukaandika "kula" juu ya kifuniko kwa herufi zako kubwa.

Mama, Narae si mzima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, na jambo hili sitaki jirani yako Mama Bok-sun asimame uani kwako kulipaza kama anayenadi samaki.

Uliondoka Jumatatu. Jumatano alikataa ziwa. Nikadhani gesi, nikamkanda tumbo. Alhamisi nikaona vipele vya maji kichwani, vitatu, vidogo kama ufuta, na mwili unachemka. Ijumaa asubuhi mkono wake wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe huku macho yametazama pembeni. Nilimfunga kwenye koti langu nikakimbia nimevaa ndara.

Daktari anaitwa Pyo, mwanamke, haongei sana. Amesema ni virusi vya herpesi, vile vile vinavyowaletea watu wazima malengelenge mdomoni. Kwa mtu mzima ni kero ya wiki moja. Kwa mtoto wa siku kumi na tisa vinapanda kwenye ubongo. Wamemtundikia dripu mguuni, dawa inaingia kila baada ya saa nane, siku ishirini na moja. Nikamwuliza, "Akipata nafuu mapema je?" Akasema, "Mama Narae, dawa hii haiviui. Inavizuia visizaane tu. Tukikatiza, vinaamka."

Aliniuliza pia kama kuna mtu mwenye lengelenge mdomoni aliyembusu mtoto. Nilisema sikumbuki.

Ofisi ya meli imeahidi kumfikishia mwanao Gi-tae ujumbe huko baharini anakovua jodari. Kurudi kwake ni Oktoba, hilo halibadiliki. Kwa hiyo tuko mimi na wewe, Mama. Niandikie hata mstari mmoja.

Mkazamwanao,
Mama Narae


Namhae, 20 Januari

Mama Narae,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Barua hii nimeiandika mara nne, kalamu inanishinda kuliko jembe. Mwalimu wa darasa letu la wazee anasema nibonyeze taratibu, mimi natoboa karatasi.

Siku ishirini na moja za kwanza mtoto haonwi na wageni, hizo nazijua. Mama yangu alikuwa anafunga kamba ya majani ya mpunga mlangoni. Lakini siku ishirini na moja za dripu sijapata kuzisikia. Mwambie huyo daktari mtoto si mtungi wa kujazwa.

Nilimwonyesha Mama Bok-sun jina la ugonjwa, maana binti yake anauza dawa mjini. Kesho yake akaja jikoni, akachukua ubao wangu wa kuandikia akaandika: UGONJWA WA WANAWAKE WA BAA. Nikamwambia, "Mkazamwanangu anakaanga keki za samaki kiwandani, hana nguvu hata ya kuchana nywele. Baa atafika saa ngapi?" Akacheka mpaka akakohoa. Lakini alipoondoka nilikaa nikawaza. Sasa nakuuliza mimi, na unijibu. Kabla ya Gi-tae ulikuwa na nani?

Na hilo la malengelenge ya mdomo ni uongo mtupu. Mimi yananitoka tangu usichana, kila nikichoka. Hapa kwetu asiyetokwa na lengelenge wakati wa mavuno tunamwita mvivu. Nilipokuja kwako nilikuwa nalo, la kuvuna spinachi. Nimelea watoto wanne kwa mdomo huu huu na hakuna aliyekufa.

Mpe mtoto joto. Wewe kula.

Bibi yake Narae


Busan, 2 Februari

Mama,

Shikamoo. Nakushukuru kwa kuandika. Najua kalamu inakusumbua.

Kabla ya Gi-tae sikuwa na mtu. Hata ningekuwa naye, mtoto huyu ni yule yule, na homa yake ni ile ile. Nimekujibu mara moja kwa heshima, sitajibu mara ya pili.

Juzi siku ishirini na moja zilitimia. Nilikuwa nimefungasha kila kitu, soksi zake, blanketi, nimekaa kitandani kama abiria. Kumbe kabla ya kuruhusiwa lazima wachukue maji ya mgongoni. Manesi wawili walimkunja mpaka magoti yakagusa kidevu, sindano ikaingia. Nilitolewa nje lakini nilisikia. Jana Daktari Pyo akaja akakaa, na yeye huwa hakai. Akasema, "Bado vimo. Siku saba nyingine."

Mama, mbele yake sikulia. Nilienda chooni nikauma taulo.

Mshipa wa mguu umekufa, sasa dripu iko kichwani, wamemnyoa upande. Siombi tena apone kesho. Naomba mshipa huu ushike mpaka jioni, na jioni naomba ushike mpaka asubuhi.

Kuhusu mdomo. Ulipoandika kwamba ulikuwa na lengelenge, nilikuwa najua. Nililiona siku ile ulipomnusanusa shingoni na kumbusu, ukasema ananukia kama wali wa kwanza. Nilikuona nikacheka. Daktari anasema hakuna awezaye kuapa ni nani, watu wengi wanavyo mwilini na hawajui, hata mimi huenda ninavyo. Sitaki tulizungumze tena. Nimekuandikia ili ujue kwamba lengelenge si uchovu tu. Likikutoka, mbali na mtoto.

Akitoka hapa ataanza dawa ya maji, mara tatu kwa siku, miezi sita. Likizo yangu inaisha mwishoni mwa Machi. Mama yangu hayupo, dada sina. Nyumba ya kulelea watoto niliyouliza walisikia neno dripu wakasema nafasi zimejaa. Nimebaki na wewe, Mama. Utanilelea?

Mkazamwanao,
Mama Narae


Namhae, 5 Februari

Mama Narae,

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma peke yangu. Mama Bok-sun aligonga, sikumfungulia. Baadaye niliandika kwenye ubao ATAKAYESEMA BAA TENA ASIJE, nikauning'iniza mlangoni. Aliusoma akaenda zake, kisha akarudi na kabichi.

Mdomo wangu nimeusugua kwa chumvi mpaka damu ikatoka. Niambie kama chumvi inafaa. Kama haifai niambie kinachofaa.

Mlete. Nitavaa kitambaa usoni kama daktari. Nitafanya utakavyosema, hata kama nikiona si hivyo.

Jumapili ni mwaka mpya wa mwezi wa angani, kwa hesabu yetu Narae aliyezaliwa na mwaka mmoja atakuwa na miaka miwili. Mlishe macho tu supu ya keki za mchele, asije akakosa mwaka wake.

Bibi yake


Namhae, 24 Machi

Mama,

Barua hii naiacha juu ya friji lako kwa sababu nikisema hutasikia, na nikiandika kwenye ubao utafuta. Uko bustanini umembeba mgongoni, naona kofia yake kutoka hapa. Ulinichekesha mwezi ule: mtoto wa wiki saba ana miaka miwili! Nilimwambia Daktari Pyo, naye akacheka mara ya kwanza tangu nimjue.

Dawa iko kwenye friji mlangoni. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Tikisa chupa kwanza. Vuta kwa bomba mpaka mstari mwekundu nilioupiga. Ingiza pembeni ya shavu, kidogo kidogo, usimwage kooni. Akitapika yote ndani ya nusu saa, mpe upya. Akicheua kidogo, acha.

Kila mwezi apimwe damu na uzito kwenye kituo cha afya. Dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, na akiongezeka uzito kipimo kinaongezwa, watakuwekea mstari mpya.

Tulianza siku tuliyotoka hospitali, mkesha wa mwaka mpya. Ni miezi sita. Usipunguze kwa sababu anacheka.

Kipele cha maji popote, homa, kukataa maziwa, kurukaruka mkono: usiningojee mimi. Mama Bok-sun apige simu ya gari la wagonjwa.

Nitakuja kila nitakapopewa Jumapili. Sasa naondoka kabla hujageuka, maana nikimshika tena sitaondoka.

Mkazamwanao


Namhae, 10 Juni

Mama Narae,

Hujambo huko kwenye mvuke wa mafuta? Sisi hatujambo kabisa. Kitunguu saumu kimetoka ardhini, mikono yangu inanuka mpaka Narae anaikunja pua. Ana mapaja kama mikate. Jana alijigeuza mwenyewe kutoka tumbo kwenda mgongo, akashangaa, akanitazama kama mimi ndiye nilimpindua.

Mama Bok-sun anasema, "Huyu atakuwa mwanamieleka." Nikamjibu, "Afadhali, akukalie wewe."

Damu ya mwezi uliopita ilikuwa nzuri, nesi alinichorea tabasamu kwenye karatasi.

Nina habari ya kukufurahisha. Dawa imetimiza miezi sita. Kwa mwezi wa angani tulianza mwezi wa kumi na mbili, huo ni mmoja. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na jana mwezi wa tano umeandama: sita. Sikuruka hata mara moja, hata siku ya keki ya kutimiza siku mia tangu azaliwe, hata siku niliyoanguka kwenye matope. Nimeosha bomba kwa maji ya moto nikalianika. Alinitazama saa nane ilipofika, akafungua mdomo kama kifaranga, hakuna kitu. Nikampa kidole.

Sasa pumzika moyo. Tumemaliza.

Bibi yake Narae


Busan, 26 Juni

Mama,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe kumi ilinifikia Jumamosi, tarehe ishirini na mbili. Muhuri wa posta ni wa tarehe ishirini. Nesi aliyekuja nanyi kwenye gari la wagonjwa ameniambia ulikuwa unaonyesha mfuko wa aproni na kujipiga kifua. Nimeelewa. Ilikaa mfukoni siku kumi, uko shambani.

Niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye "wa kwanza, wa pili, wa tatu" simu ikalia, Mama Bok-sun analia, nami nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

Umehesabu mwezi wa siku moja kama mwezi mzima, Mama, mwanzoni na mwishoni. Tulianza tarehe tisa Februari, siku ya mwisho ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yako, kesho yake ukaipa dawa mwezi wa pili, kama ulivyompa mtoto mwaka wa pili. Miezi sita inaisha tarehe tisa Agosti. Umekatiza miezi miwili kabla. Siku kumi na tatu amekaa bila dawa, na kila Jumapili niliyonyimwa ruhusa nilimpigia Mama Bok-sun nikauliza amekula, amelala, anacheka. Dawa sikuuliza.

Vipele viko kwenye kope la jicho la kulia. Degedege lilimshika mara tatu njiani. Wamechukua maji ya mgongoni, na vimo tena. Siku ishirini na moja nyingine.

Pale koridoni nilikupigia kelele. Najua hukusikia neno hata moja, lakini uso wangu uliusoma. Nilipogeuka hukuwepo. Umeacha mkoba wako na kofia yake. Wala hukuaga.

Andika.

Mama Narae


Busan, 6 Julai

Mama,

U mzima? Magoti je? Siku kumi sasa sijapata neno. Mama Bok-sun anasema hufungui mlango na vitunguu vimelala uani kwenye mvua.

Narae bado yupo. Naandika hivyo kwa sababu siku mbili sikujua kama ningeweza kuandika hivyo. Alhamisi alishindwa kumeza, wakampitishia mpira puani. Nimekaa nimemshika mguu mmoja tu, sehemu nyingine zote zina waya.

Nina hasira na wewe, na nina njaa ya kumwona mtu wa kwetu. Vyote viwili viko ndani yangu kwa wakati mmoja, sijui nivipange vipi.

Andika, Mama. Hata neno kama lile la kwenye kifuniko.

Mama Narae


Namhae, 11 Julai

Mama Narae,

Mimi ndiye niliyempa kwa mdomo. Mimi ndiye niliyemkatizia. Usiseme daktari hawezi kuapa, mimi naapa.

Ulipokuwa unapiga kelele nilikuwa naangalia meno yako. Nikajua huyu mtoto wa watu alikuwa mpole kwangu miaka mitatu, nimemfikisha hapa.

Sikwenda shule. Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka sitini na nane, nikajiona msomi. Nilihesabu kwa vidole, mbele ya kalenda, nikafurahi. Siku zile zote alikuwa anafungua mdomo saa nane na mimi nampa kidole.

Nguo zake nimezifua, nimezifunga, Mama Bok-sun atazituma. Usimlete tena kwangu. Mtafutie mtu mwenye akili. Usinisalimie tena kwa shikamoo, sistahili.

Sitaandika jina langu hapa chini.


Busan, 15 Julai

Mama,

Shikamoo. Nitakusalimia ninavyotaka mimi.

Juzi dripu imetolewa. Maji ya mgongoni yametoka safi, Daktari Pyo amenionyesha karatasi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Jicho linaona. Mkono wa kulia unachelewa. Nikimwekea kijiko anakifuata kwa wa kushoto. Nimeuliza kama atatembea, kama ataongea. Amesema, "Ni mapema mno kusema." Nimeuliza tena kesho yake, jibu lile lile. Tutaishi na jibu hilo.

Dawa ya maji imeanza upya. Safari hii nimeuliza ni muda gani, naye hakunitajia mwisho. Amesema mwaka kwanza, halafu atampima, halafu tutaona. Kuna watoto wanaokaa nayo zaidi.

Unaniambia nimtafutie mtu mwenye akili. Nani? Kiwandani nimepewa mpaka tarehe ishirini na moja, baada ya hapo mashine yangu ina mtu mwingine. Nikiacha kazi, tutakula nini mpaka Gi-tae arudi? Nyumba tatu za kulelea watoto zimenikataa mlangoni. Wewe ulimpa dawa miezi miwili na nusu, mara tatu kila siku, bila kuruka hata ulipoanguka kwenye matope. Manesi wenyewe huwa wanachelewa. Mikono yako nimeiona. Naitaka.

Miezi ulihesabu ulivyohesabu maisha yako yote. Mimi niliandika "miezi sita" na sikuandika tarehe ya mwisho, kwa mtu ambaye mjukuu wake wa wiki saba ana miaka miwili, nami nililijua hilo, nililicheka na daktari. Hilo ni langu, nalibeba.

Kukusamehe sijakusamehe bado. Kuna asubuhi nakaribia, halafu naangalia ule mkono, narudi nyuma. Itachukua muda wake. Dawa haiwezi kuningoja nimalize.

Sasa nisikilize. Hakuna kuhesabu. Miezi ya angani wala ya ukutani, yote iache. Utampa mpaka siku nitakayokuja mwenyewe, nikushike mkono, nikuandikie kwenye ubao kwamba basi. Akinenepa, mpe. Nesi akikuchorea tabasamu, mpe. Akitimiza mwaka ukapika na kualika kijiji kizima, wageni wasubiri, mpe kwanza. Lengelenge likikutoka vaa barakoa, osha mikono, siku hizo Mama Bok-sun ndiye atakayempakata, usimbusu hata mguu. Na barua usiziweke mfukoni.

Jumamosi tarehe ishirini basi letu linafika Namhae saa tano asubuhi. Usinijibu, sina siku za kungoja posta. Ukiwa kituoni nitakukabidhi mtoto. Nisipokuona nitageuka naye kwa basi hilo hilo, nami nitajua nimebaki peke yangu.

Mama. Njoo.

Mkazamwanao,
Mama Narae


Namhae, 22 Julai, Jumatatu jioni

Mama Narae,

Ulifika salama? Umekula?

Asubuhi amekunywa yote. Mchana alicheua kidogo shingoni kwangu, nikaacha kama ulivyosema. Barua hii naikimbiza kwa tarishi sasa hivi, ile ya saa nne nitampa, saa ya kengele iko kifuani kwangu ili nihisi ikitikisika.

Alinishika sikio kwa mkono wa kulia. Hakushika sana. Alishika.

Sijahesabu kitu.

Bibi yake Narae